Mwatuuliza Twajionaje

Maneno manane tu. Yaliandikwa kwenye kisanduku cha mwisho cha dodoso, pale panapoulizwa kama una lolote la kuongeza, mahali ambapo watu karibu wote huacha wazi ama huandika "hapana, asante". Huyu aliandika: "Chai mwaikata, viti mwavifunga kamba, kisha mwatuuliza twajionaje."

Ilikuwa 2018, ghorofa ya saba ya jengo moja Upper Hill, Nairobi, kampuni ya bima ambayo sitaitaja. Mimi nilikuwa HR, idara ya mambo ya wafanyakazi. Si mkuu wa idara, la. Yule msichana wa HR ambaye ukimwona anakuja mezani kwako na bahasha unaanza kujiuliza umekosa nini.

Dodoso lile nililisimamia mimi. Barua pepe iliyowaambia wafanyakazi kwamba majibu ni siri, hakuna jina wala namba ya kazi, niliiandika mimi. Nikiisoma leo naona aibu. Kila mtu alitumiwa kiungo chake mwenyewe, maana bila hivyo mfumo usingejua nani hajajaza ili akumbushwe. Barua ilianza "Mpendwa" na jina la mtu, kisha mstari wa pili ukamhakikishia mtu huyo huyo kwamba hatumjui.

Mshauri aliyetuuzia zoezi hilo alikuwa na neno moja la Kiingereza, "engagement", ambalo hakuchoka kulisema, na bahati mbaya ni lile lile wanalotumia watu wakivishana pete. Idara ya madai ilipolisikia ikaanza kuliita zoezi lote "uchumba". "Umejaza uchumba?" wakawa wanaulizana kwenye lifti. Dada wa mapokezi akasema uchumba bila mahari ni kupotezeana wakati. Swali lililozua kelele zaidi lilikuwa lile la kama una rafiki wa dhati kazini. Mtu mmoja alinijia nimfafanulie: "Rafiki wa kumkopa ama wa kumkopesha?"

Maswali yenyewe yalifanana sana na yale kumi na mawili ya Gallup, Wamarekani ambao kila mwaka huipimia dunia moyo wa kazi. Hesabu yao ya 2024 ilisema wafanyakazi wenye moyo na kazi yao ni 21% duniani, kutoka 23% mwaka uliotangulia. Hao hao husema 70% ya tofauti kati ya timu moja na nyingine inatokana na meneja wao. Takwimu hiyo ya pili sikuwahi kuiona kwenye slaidi za mshauri wetu. Aliyekuwa anamlipa alikuwa meneja.

Nirudi kwenye chai, kwa sababu bila chai hamtaelewa yale maneno manane.

Ofisi ile ilikuwa na chai ya saa nne. Si mashine, chai yenyewe: ya maziwa, imechemshwa na tangawizi, inakuja kwenye kitoroli kinacholia gurudumu moja, na nyuma yake Mama Chai. Alianza upande wa mapokezi, akapita kwa wahasibu, akamalizia madai, na dakika zile ishirini ndizo ofisi ilikuwa ofisi. Mama Chai alijua nani ameacha sukari na kwa nini. Alijua nani ana mimba kabla HR hatujaletewa barua. Kitabu cha michango kilikuwa kwake, kwenye rafu ya chini ya kitoroli kando ya mandazi, kwa hiyo ukifiwa Jumatatu, kufikia chai ya Jumanne kila mtu wa ghorofa ameshasikia na ameshaandika jina. Mimi, mwenye cheti cha mambo ya wafanyakazi, nilikuwa nasubiri apite na kitoroli ndipo nijue wafanyakazi wangu wanaendeleaje.

Waliikata mwezi wa tatu. Tangazo nilichapa mimi. Lilisema kampuni "inaboresha huduma ya vinywaji", na uboreshaji wenyewe ulikuwa mashine ya maji moto kando ya choo na pakiti za majani. Maziwa ulete mwenyewe, kikombe ulete mwenyewe. Mama Chai hakufutwa. Alibakizwa kuhudumia chumba cha mikutano. Huko chai haikukatwa. Mkumbuke hilo, linakuja.

Kiti nacho kilikuwa kweli kimefungwa kamba. Nilikiona kwa macho yangu: mgongo wa kiti umeshikiliwa na kamba ya katani, imezungushwa mara nne na kufungwa fundo zuri la mtu anayejua kufunga mashua. Mwenye kiti alikuwa ameandika ombi la kubadilishiwa. Ombi lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwangu.

Mshauri alipoleta matokeo tuliketi watano: mkurugenzi, mkuu wa fedha, meneja wa madai, mshauri, na mimi mwenye daftari. Projekta ikawashwa. Grafu zikapita, rangi ya kijani nyingi kuliko nilivyotegemea. Kisha maoni, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa ya Kiingereza cha ofisini: mishahara, mafunzo, maegesho. Halafu yale maneno manane yakajaza ukuta.

Mkuu wa fedha alijaribu kuyasoma kwa sauti. "Mwa-i-kata," akasema, akasimama, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Meneja wa madai akauliza, "Nani huyu?"

Ndipo nikacheka.

Nilicheka kwa sababu sentensi ilikuwa tamu, na kwa sababu swali lilikuwa la kitoto. Hapa Nairobi sisi tunasema "mnakata", "mnatuuliza", tukiwa hatujaangukia Sheng kabisa. Idara ya madai ilikuwa na watu kumi na wanne, na mtu wa kusema "mwatuuliza" alikuwa mmoja. Alitoka Likoni, Mombasa, ambako ndivyo wanavyosema. Tulimwita Ami kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu ami, hata mkurugenzi. Sarufi ilimtaja wazi kama kitambulisho. Ila wenzangu mezani walikuwa hawajaisikia sarufi; walichosikia ni kicheko changu. Meneja wa madai alinitazama, akatazama dari, akasema, "Ah."

Mama Chai alikuwa anamimina wakati huo. Nakumbuka mkono wake ulisimama juu ya kikombe cha mkurugenzi, birika limeinama nusu, halitoi kitu. Kisha ukaendelea.

Hakuna aliyemwita Ami ofisini. Hakuna barua ya onyo. Wakenya waliowahi kuajiriwa wanajua mambo hayaendi hivyo. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulipofika mwisho haukurefushwa. Sheria haikuvunjwa: mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalum ukiisha umeisha, isipokuwa mwajiri awe amempa mtu sababu ya kutarajia mwingine. Barua ile pia niliiandika mimi. Ilimshukuru kwa mchango wake.

Mwaka uliofuata tulirudia uchumba. Waliojaza waliongezeka. Wastani ulipanda karibu kila swali. Kisanduku cha maoni kilikuja kitupu, isipokuwa "asante" kadhaa na mmoja aliyeandika "Mungu aibariki kampuni". Mkurugenzi alinunua keki.

Sikuijua wakati ule, lakini kuna kazi ya Amy Edmondson wa Harvard ambayo ningeipeleka mbele ya keki ile. Miaka ya 1990 alichunguza timu za hospitali, akitegemea kukuta kwamba timu nzuri hukosea dawa mara chache. Karatasi zikaonyesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Akakuna kichwa, kisha akaelewa. Hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema. Kwingine wauguzi walikuwa wameshajifunza kunyamaza. Tangu niisome, nikiletewa dodoso lenye kijani kitupu nauliza kwanza ni nani ambaye mkataba wake haukurefushwa mwaka uliopita.

Hata hilo neno la uchumba wenyewe, aliyelipatia uzito kwa maana ya kazini hakwenda na dodoso. William Kahn wa Chuo Kikuu cha Boston, katika makala yake ya 1990, alikaa na walezi wa vijana kwenye kambi ya likizo na wafanyakazi wa kampuni ya usanifu majengo, akawatazama wakifanya kazi, akawahoji. Aliona mtu huweza kuja kazini mzima mzima, ama akaja mwili tu na mwenyewe akajificha nyuma ya kazi. Akataja mambo matatu yanayomfanya aje mzima: kazi iwe na maana kwake, awe na nguvu iliyobaki ya kutoa, na awe salama kujionyesha alivyo bila kuhofia jina, cheo wala unga wake. Ami alikuja mzima, sarufi na yote.

Baada ya keki ilikuja "afya na ustawi". Hapo nitapita haraka maana sina uvumilivu nayo. Tulipewa programu ya simu ya kupumua. Tuliletewa mwalimu wa yoga kila Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni, wakati ambao kila mtu mwenye akili Upper Hill anateremka mbio kutafuta matatu kabla mvua haijaongeza nauli. Walihudhuria watu watatu, wote wenye magari. Kulikuwa na siku ya kupimwa. Muuguzi alifunga mikono yetu kile kitambaa cha presha, akaandika, akatikisa kichwa, na karibu kila mtu wa madai aliambiwa apunguze mawazo. Mmoja akamuuliza ayapunguzie wapi.

Baadaye sana, 2024, William Fleming wa Oxford alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 46,336 kwenye mashirika 233 ya Uingereza. Waliokuwa wanashiriki mambo haya ya mtu binafsi, programu, mafunzo ya utulivu, semina za kukabiliana na msongo, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao wasioshiriki. Kilichoonyesha dalili njema kidogo ni kujitolea kwa hisani. Sishangai. Mtu anayezama humfundishi kupumua, unamtoa kwenye maji.

Maji yenyewe ni saa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35%, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa 17%, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Hebu tupige hesabu ya madai. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, toa saa ya chakula, siku tano: arobaini. Jumamosi hadi saa saba mchana: arobaini na tano. Mwisho wa mwezi ongeza mbili kila jioni, mafaili hayaishi: hamsini na tano kamili. Na hapo bado sijahesabu barabara. Ami alikuwa anakaa Pipeline. Ili afike saa mbili aliamka saa kumi na moja kasoro, kwa sababu Mombasa Road ukichelewa robo saa umechelewa saa nzima. Saa hizo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kisha saa nne usiku, kundi la WhatsApp la idara: "Team, naomba status ya ile claim." Ufaransa waliiwekea sheria haki ya kutojibu tangu Januari 2017, na hapa kwetu Seneta Samson Cherargei aliwahi kupeleka muswada wa namna hiyo. Kwenye lile kundi muswada ulijadiliwa, saa nne usiku, na meneja mwenyewe akaweka kidole gumba.

Watu huniuliza, sasa wewe uliyekuwa ndani ungefanyaje? Mimi nisingemuuliza mtu chochote. Kabati la HR lina majibu tayari, na hayadanganyi kwa sababu hakuna aliyeyaandika akijua anaulizwa.

Chukua likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Nilikuwa na orodha ya siku zilizolala, zile ambazo mtu anazo na hajazichukua. Kwa wahasibu orodha ilikuwa fupi. Kwa madai kulikuwa na mama mwenye siku 63. Miaka mitatu! Meneja wake alikuwa akimwambia "si sasa" kila alipojaza fomu, na mwishowe akaacha kujaza, na mfumo ukamhesabu kama mtu asiyependa kupumzika. Chukua advansi: idara ambayo nusu ya watu wanaomba advansi kabla ya tarehe 15 haihitaji kuulizwa inajionaje. Chukua ruhusa za ugonjwa. Sheria hiyo hiyo inatoa angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu, na nilikuwa naona watu wakiugua siku moja moja, Jumatatu baada ya Jumatatu, wote chini ya meneja mmoja. Chukua maombi ya viti. Hayo yote yalikuwa kwenye droo yangu ya pili. Kwa miaka miwili hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia nifungue droo ile, nami sikuwahi kujitolea kuifungua.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Ni rahisi kusema wakubwa. Lakini tangazo la chai, barua ya siri, barua ya shukrani, na ombi la kiti lililokaa kwenye faili, vyote vilipitia mikono yangu, na nilivichapa vizuri, nafasi moja na nusu, bila kosa la tahajia.

Niliacha kazi ile 2021. Mwaka uliofuata nilikuwa Syokimau kituo cha treni ya SGR, naenda Mombasa kwa semina, nikasikia nyuma yangu kwenye foleni ya mbwa wa kunusa mizigo: "Ami! HR mzima anapanga mizigo chini kama sisi?"

Alikuwa amenenepa kidogo. Anafanya kazi na mawakala wa kutoa mizigo bandarini, huja Nairobi mara moja moja. Tulikaa behewa moja, viti vinavyotazamana. Kufika Emali nilikuwa sijaweza kusema, kufika Mtito Andei nikasema. Kwamba siku ile kwenye mkutano, ile sentensi yake, mimi...

"Ulicheka," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Mama Chai. Siku ile ile, sita mchana." Alikuwa anamenya chungwa, hakuinua macho. "Alikuja akanambia, mwanangu, tafuta kazi nyingine, wamekujua."

Kwa hiyo alijua. Miezi yote ile iliyobaki kwenye mkataba alikuwa ananipita kwenye korido na kuniambia "sabalkheri, ami", na alijua.

"Mimi nami ningecheka," akasema. "Niliiandika nikicheka mwenyewe." Akanipa kipande cha chungwa. Kisha akauliza, "Na kile kiti?"

Nikamwambia walinunua vipya, idara nzima. Wiki tatu baada ya yeye kuondoka, kulikuwa na wageni wa ukaguzi wanakuja.

"Kamba yangu waliitupa?"

Sikujua. Alisikitika kweli, akasema ilikuwa kamba nzuri, alikuja nayo kutoka nyumbani.

Siku hizi niko shirika jingine, Westlands, na si HR tena. Chai ipo. Jumatatu wiki hii nimepokea barua pepe, imeanza na jina langu la kwanza, na mstari wa pili umenihakikishia kwamba majibu yangu ni siri kabisa. Maswali ishirini, moja hadi tano. Nimejaza nikisubiri matatu. Nimeweka nne kila mahali, isipokuwa lile la rafiki wa dhati. Hapo nimeweka tatu, lisionekane limepikwa.